Ustadi wa silaha ukue kwa kasi gani? Jibu kwa msimamizi wa mchezo wa Mtwara

Ndugu yangu wa Shangani,

Umeandika kwamba unasimamia mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kundi la vijana mjini Mtwara, kwamba mnakutana Jumapili alasiri, na kwamba mnatumia dadu ya pande ishirini pamoja na kanuni za toleo la mwaka 2014 la Dungeons & Dragons. Dunia mliyoitunga ni ya visiwa, yenye majini, mabaharia, na mji wa mawe ya matumbawe unaofanana na Kilwa ya kale. Kero zako ni tatu. Mpiganaji aliyetumia mkuki tangu kampeni (mfululizo wa vikao vyenu) ianze aliokota upanga juzi na akapiga nao sawasawa na mkuki wake, na wenzake wakalalamika kwamba jambo hilo haliingii akilini. Ulipojaribu kurekebisha kwa kumpa nyongeza ya 1 kila aliyetumia silaha vizuri, mchezaji mmoja akaanza kubeba silaha sita na kuzibadilisha katikati ya pambano ili akusanye nyongeza. Na sasa, baada ya vikao kadhaa, maadui zako hawakoswi tena. Unauliza utunge kanuni gani za meza yenu ili ustadi ukue kwa haki bila kuuharibu mchezo, na mwishoni ukauliza mhusika mwenye ustadi mkubwa akifa, mchezaji wake aanze na nini.

Ustadi wa silaha unapaswa kulipiwa kwa hatari na kwa muda. Ukue haraka mwanzoni na polepole kadiri unavyokaribia kilele, na faida yake kubwa iwe mambo mapya ambayo mhusika anaweza kuyafanya na silaha yake, badala ya namba inayopanda kila Jumapili. Huo ndio msimamo wangu, na yafuatayo yote yanatokana nao.

Kero yako ya kwanza ina umri sawa na michezo hii yenyewe. Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilipotoka mwaka 1974, uwezo wa kupiga ulifungwa kwenye kiwango cha mhusika: ukipanda kiwango, unapiga vizuri zaidi kwa silaha yoyote unayoruhusiwa kuishika. Baadaye kanuni za mchezo huohuo ziliongeza adhabu kwa silaha usiyoizoea, na mchawi aliadhibiwa vikali kuliko mpiganaji. Njia tofauti kabisa ilitoka mwaka 1978 katika RuneQuest, mchezo wa kampuni ya Chaosium. Humo kila silaha ina asilimia yake; ukifanikiwa kuitumia katika hali ya hatari unaiwekea alama, na kisa kikiisha unarusha dadu, nayo lazima ivuke asilimia uliyo nayo ndipo ustadi upande. Aliye na 30 hupanda kwa urahisi, na aliye na 80 hupanda kwa shida. Fikra hiyo moja naiona kuwa bora kuliko nyingine zote zilizotungwa juu ya jambo hili, kwa sababu inajizuia yenyewe: hakuna haja ya msimamizi kumkatalia mtu, dadu inafanya kazi hiyo. Ninachokupendekezea ni kuihamishia kwenye dadu yenu ya pande ishirini.

Kabla ya kanuni, tazama hesabu, kwa kuwa hapo ndipo kanuni yako ya nyongeza ya 1 ilipoharibikia. Kwenye dadu ya pande ishirini kila nyongeza ya 1 ni asilimia 5. Mpiganaji wa kiwango cha kwanza mwenye jumla ya nyongeza ya 5 anayempiga adui mwenye deraya 15 (deraya ni namba ambayo dadu pamoja na nyongeza lazima iifikie ndipo pigo limpate adui) anahitaji kupata 10 au zaidi, yaani nyuso kumi na moja kati ya ishirini, asilimia 55. Mpe nyongeza tatu zaidi na anafikia asilimia 70. Mpe kumi na hakosi kabisa, isipokuwa dadu ikiangukia 1. Sasa kumbuka kwamba katika kanuni mnazozifuata, nyongeza ya uzoefu, ile inayoongezwa kwenye pigo la silaha ambayo mhusika anaijua, huanzia 2 na kuishia 6 baada ya mhusika kufika kiwango cha 17. Safari nzima ya viwango ishirini inampa mtu pointi nne tu za uzoefu wa silaha. Wewe ulikuwa unagawa pointi hizo nne kwa vikao vinne. Waliotunga maadui wa mchezo huo walipanga deraya zao kwa kutegemea ukuaji huo wa polepole, na ndiyo maana maadui zako wamegeuka magunia ya kupigwa.

Kwa hiyo nafasi yote mliyo nayo ya kuchezea ni ndogo: tuseme kutoka upungufu wa 2 hadi nyongeza ya 2. Kwa mpiganaji wa mfano wetu hiyo ni tofauti kati ya asilimia 45 na asilimia 65, na inatosha sana kumfanya mgeni wa upanga ajione mgeni.

Kanuni yenyewe inaanza hivi. Gawanya silaha zote katika makundi matano: za makali za mkono mmoja, kama upanga, sime, panga na jambia; za mpini mrefu, kama mkuki na fumo; nzito za kugonga na kupasua, kama rungu na shoka; upinde; na za kurusha, kama kombeo na kisu cha kutupa. Usigawanye zaidi ya hapo. Nimeona meza zilizotenganisha upanga mfupi na mrefu, na mwisho wake ni karatasi ya mhusika iliyojaa namba ambazo hakuna anayezikumbuka. Kila mhusika ana namba moja kwa kila kundi, kuanzia 1 hadi 20. Namba 1 hadi 4 ni mwanagenzi, naye anapungukiwa 2 katika kupiga. Namba 5 hadi 10 ni mzoefu, ambaye hupiga kama kanuni za kawaida zinavyosema. Namba 11 hadi 15 ni stadi, mwenye nyongeza ya 1 na mbinu moja. Namba 16 na kuendelea ni bingwa, mwenye nyongeza ya 2 kwa jumla na mbinu ya pili.

Mwisho wa kikao, kila kundi la silaha lililowekewa alama hurushiwa dadu ya pande ishirini mara moja. Dadu ikizidi namba iliyopo, namba inapanda kwa 1. Ikilingana au kupungua, hakuna kinachobadilika na alama inafutwa.

Nimekufanyia hesabu ya mwendo wake, kwa mhusika anayepata alama kila kikao. Kutoka 1 hadi 5 kunachukua kwa wastani vikao vitano hivi. Kutoka 5 hadi 11 ni takriban vikao kumi. Kutoka 11 hadi 16 ni kumi na vitano. Na kutoka 16 hadi 20, kama mtu atasisitiza, ni zaidi ya arobaini, maana mwenye 19 hupanda tu dadu ikionyesha 20. Kwa kundi linalokutana kila wiki, mtu aliyeanza bila kujua kushika upanga anaweza kuwa bingwa baada ya miezi saba ya kucheza bila kukosa. Huo ni mwendo unaolingana na kampeni ya kweli. Ukiona ni wa polepole mno kwa vijana wako, usiongeze nyongeza. Ruhusu dadu irushwe mara mbili kwa kikao kwa yeyote aliye chini ya 5, basi.

Linalobaki ni alama, na hapa nakuomba uwe mkali kuliko penginepo, kwa sababu yule kijana wa silaha sita hakufanya kosa lolote: alisoma kanuni yako na kufanya ilichomlipa. Kanuni inayolipa idadi ya matumizi itazaa matumizi mengi yasiyo na maana. Inayolipa hatari itazaa ujasiri. Kwa hiyo alama itolewe pale tu ambapo kukosa kungemgharimu mhusika kitu halisi: damu, mateka aliyekuwa akivushwa, mlango uliokuwa unafungwa. Kumchoma mkuki mlinzi aliyelala hakumfundishi mtu kitu. Kumpiga jini aliyekwisha kufungwa minyororo hakumfundishi kitu pia. Kila kundi la silaha lipate alama moja tu kwa kikao hata kama limetumika mara ishirini, na mhusika mmoja asiwe na alama katika makundi zaidi ya mawili kwa kikao kimoja. Kikomo hicho cha makundi mawili peke yake kitaondoa silaha nne kati ya zile sita, bila wewe kumsema kijana mbele ya wenzake.

Nakushauri pia uruhusu alama kwa pigo lililokosa, iwapo kukosa huko kulimletea mhusika jeraha. Katika kanuni ya asili, ile ya RuneQuest, alama hutokana na kufanikiwa, na ubaya wake ni kwamba anayeanza, ambaye ndiye mwenye mengi ya kujifunza, hukaa vikao vitatu bila alama kwa sababu dadu zimemkataa. Aliyetupa pigo la upanga hewani na akakatwa bega amejifunza umbali. Mpe alama yake. Mchezaji ndiye aombe, kwa kusema wazi mhusika wake aligundua nini. Wewe uamue papo hapo, na pambano liendelee. Mabishano juu ya alama yasizidi sentensi mbili, maana kanuni inayosimamisha mchezo ni mbaya hata kama ni ya haki.

Sasa mbinu. Nyongeza ya 1 hubadilisha matokeo ya pigo moja tu katika kila mapigo ishirini. Kama mpiganaji wako anapiga mara nane kwa kikao, nyongeza hiyo itamsaidia mara moja katika vikao viwili au vitatu, na hata hiyo mara moja huenda asiigundue. Mchezaji aliyesubiri vikao kumi kuwa stadi anastahili kitu anachokiona kwa macho. Kwa silaha za mpini mrefu mpe mbinu ya kuziba njia: mara moja katika kila mzunguko wa zamu za wote, kwa kutumia tendo lake la kujibu (tendo analoruhusiwa nje ya zamu yake), anaweza kumpiga adui anayeingia ndani ya urefu wa mkuki wake, na pigo likimpata, adui husimama palepale hadi zamu yake ijayo. Kwa silaha za makali, mbinu ya kupangua: anapopigwa na silaha ya mkononi, anaongeza 2 kwenye deraya yake dhidi ya pigo hilo moja, naye pia hutumia tendo la kujibu. Kwa rungu na shoka, pigo lililozidi deraya kwa 5 au zaidi huiondolea ngao ya adui faida yake mpaka mwisho wa mzunguko unaofuata. Kwa upinde, asiyesogea katika zamu yake hupuuza kinga ya nusu, yaani kitu kinachomficha adui nusu na kuipa deraya yake nyongeza ya 2. Za kurusha nakuachia uzitunge na vijana wako. Nadhani mtafurahia kazi hiyo.

Ona inavyokuwa mezani. Wahusika wako wamo ndani ya jumba lililobomoka, katika ujia wa mawe unaotosha mtu mmoja, na nyuma yao mchawi anafungua sanduku lililotiwa kufuli tatu. Wezi watatu wanaingia mbio. Mpiganaji wako, stadi wa mkuki mwenye 12, anasema anasimama katikati ya ujia. Mwizi wa kwanza, mwenye deraya 13 na sime mkononi, anakimbilia ndani. Mchezaji anatangaza kuziba njia na kurusha dadu, inaonyesha 8. Anaongeza 5 zake za kawaida na 1 ya ustadi, inakuwa 14. Ncha ya mkuki inamgusa mwizi kifuani, naye anasimama hatua mbili mbele, sime yake haifiki popote, na wenzake wawili wamekwama nyuma ya mgongo wake kwa sababu ujia hauna nafasi. Bila ile 1 angepata 13 na bado angempiga. Kilichobadilisha pambano ni mbinu, na kila aliyekaa mezani ameiona. Kisha mpe upanga mhusika huyohuyo akiwa na 3: dadu hiyohiyo ya 8 ingempa 11, angekosa, na wezi wote watatu wangekuwa ndani. Hapo malalamiko ya wenzake yamejibiwa bila hotuba.

Kwa bingwa, usitunge mbinu mpya yenye nguvu kuliko ya kwanza, bali ipanue ileile. Bingwa wa mkuki azibe njia mara mbili kwa mzunguko. Bingwa wa upanga apangue kwa 4. Nguvu zikirundikana juu ya nguvu, wahusika wengine watakaa kutazama.

Kati ya ngazi na ngazi pawe na lango. Mhusika anaweza kufika 10 kwa vita peke yake, lakini kuingia 11 kunahitaji mwalimu mwenye namba kubwa kuliko yake, na kuingia 16 vivyo hivyo. Toleo la mwaka 1985 la kanuni za ngazi za juu za Dungeons & Dragons lilikuwa na wazo la namna hii, la daraja za ustadi zinazofikiwa kwa mafunzo, na ninalipenda kwa sababu linampa msimamizi visa vya bure. Nani anafundisha fumo katika mji wenu? Huenda ni nahodha mzee aliyegombana na sultani, na hataki fedha. Anataka barua yake ifike kisiwa cha pili. Kijana anayejifunza kuchonga mpingo kwa fundi wa Kimakonde halipii somo kwa sarafu peke yake: hufanya kazi za fundi, hutazama tezo inavyopita kwenye gogo, na siku moja hukabidhiwa kipande chake mwenyewe. Mafunzo ya silaha katika mchezo wenu yawe na sura hiyo. Mwalimu awe mtu mwenye haja zake, wala asiwe duka la namba.

Muda wa mafunzo mnao tayari. Umetaja kwamba msimu wa korosho ukianza, wachezaji wako wawili huenda Newala na Tandahimba kusaidia mashambani, na vikao husimama hadi warudi. Fanya kipindi hicho kiwe kipindi cha mafunzo ndani ya mchezo pia. Kabla hawajaondoka, kila mchezaji aseme mhusika wake anajifunza nini, kwa nani, na anaishi wapi miezi hiyo. Wakirudi, walio langoni wanavuka, na wasio langoni wanarusha dadu mara tatu kwa kundi moja la silaha walilolichagua. Aliyekwenda shamba hatapoteza chochote kwa kutokuwepo, na hilo kwangu ni jambo la haki kuliko kanuni nyingine zote zilizomo katika barua hii. Meza ambayo anayefanya kazi hurudi akiwa nyuma ya wenzake haidumu.

Mengine nitayapitia haraka. Wapiganaji peke yao wafike ubingwa. Wahusika wa aina ya wezi na makuhani waishie 15, na mchawi aishie 10, la sivyo mpiganaji hatakuwa na kitu kilicho chake. Maadui wa kawaida wasiwe na namba hizi kabisa, kwa kuwa takwimu zao zimekwisha hesabiwa. Wape mbinu wale wachache tu wenye majina, na waache wachezaji waione mbinu hiyo ikitumika dhidi yao kabla hawajaipata. Usipunguze ustadi kwa kutotumika. Ni kweli mkono husahau, lakini kwenye karatasi ya mhusika upunguzaji huo huleta kumbukumbu nyingi na uchungu mwingi kwa faida ndogo.

Kuwahamisha wahusika mlio nao ni rahisi. Futa nyongeza zote ulizokwisha kugawa, na uwaambie wachezaji sababu kwa hesabu niliyokupa juu, maana vijana hukubali kunyang'anywa kitu wakionyeshwa namba kuliko wakiamriwa. Mpiganaji aanze na 8 katika kundi moja alilolitumia zaidi, 5 katika mengine mawili, na 2 katika yaliyobaki. Mwizi na kuhani waanze na 6 katika kundi moja, 5 katika jingine, na 2 kwingineko. Mchawi aanze na 5 katika kundi moja na 1 kwingineko. Kisha, kwa kila kiwango alichopanda mhusika baada ya cha kwanza, ongeza 1 katika kundi lake kuu, bila kuvuka 10. Hivyo mpiganaji wako wa mkuki, kama amefika kiwango cha tatu, atajikuta langoni moja kwa moja, akitafuta mwalimu, na kisa chako cha Jumapili ijayo kimepatikana. Jaribuni kwa vikao vinne bila kubadilisha chochote katikati. Marekebisho yafanyike baada ya kikao, wote wakiwapo.

Kuhusu mhusika anayekufa: mchezaji atengeneze mpya wa kiwango kimoja na wenzake, na ampe namba kwa utaratibu huohuo wa kuhamisha, kwa hiyo kundi lake kuu halitazidi 10. Atakuwa amepoteza ustadi uliopatikana kwa vikao vingi, na kifo lazima kiwe na uchungu. Hata hivyo, kama marehemu alikuwa stadi au bingwa na mhusika mpya anatoka mji uleule, mruhusu aseme kwamba alifundishwa naye. Anaingia mezani akiwa na 11 na mbinu moja, lango amekwisha kulivuka, na wenzake watamtambua kwa namna anavyoshika mkuki.